Bogoria haikuwa pori tupu

Ukikaa na Wanairobi waliorudi kutoka matembezi ya Ziwa Bogoria, huko Baringo, utaonyeshwa video ya mayai yakichemshwa Loburu, kwenye chemchemi za maji moto kando ya ziwa: kikapu kimetumbukizwa kwenye maji yanayotokota, mvuke unampiga mtu usoni. Kisha utaambiwa pale palikuwa pori tupu mpaka serikali ilipotenga hifadhi. Si kweli, na huniuma kila ninapoyasikia.

Waendorois, jamii ya wafugaji wa huko, walichunga ng'ombe na mbuzi kando ya ziwa hilo vizazi na vizazi. Mifugo ililamba chumvi ya pale, na ziwa lenyewe lilikuwa mahali pao pa maombi na matambiko. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1973, wakaanza kuhamishwa. Ukimya unaowapendeza wageni una chanzo chake. (Hata jina liliwahi kufunikwa: wakoloni waliliita ziwa Hannington, kwa heshima ya askofu Mwingereza aliyelifikia mwaka 1885.)

Wenyewe hawakunyamaza. Walipeleka kesi kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Februari 2010 uamuzi ukatangazwa: Kenya itambue umiliki wao, iwarudishie ardhi ya mababu na kuwaachia njia ya kufika ziwani bila kizuizi.