Redio ya gari yenye skrini na ramani: yasemwayo Malindi na yalivyo

Gari likishatolewa bandarini Mombasa na kuletwa Malindi, mara nyingi kitu cha kwanza ambacho mwenyewe hutaka kukibadilisha ni redio. Skrini imejaa maandishi ya Kijapani, ramani yake haijui Afrika, na kila asubuhi sauti ya mwanamke humkumbusha dereva kwamba hajaweka kadi ya ETC, ambayo ni kadi ya kulipia barabara za huko Japani. Hapo ndipo ushauri huanza kumiminika: wa jirani, wa fundi, wa muuzaji mwenye makasha yaliyopangwa hadi dari. Mwingi wa ushauri huo una chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Nionavyo mimi, kosa ni moja linalojirudia kwa sura tofauti: watu huchagua skrini, ilhali pesa zao zinanunua kile kilicho nyuma yake.

Dhana: "Redio iliyokuja na gari yatosha, itie ekspanda, badilisha lugha, basi"

Ushauri huu ni wa bei nafuu, na kwa sababu hiyo haufi. Ukweli ni kwamba redio za magari ya Japani hushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na zile za miaka ya karibuni hufika 95, wakati vituo vya Kenya vimo kati ya 87.5 na 108. Ekspanda, kile kijisanduku kidogo ambacho fundi hukichomeka katikati ya waya wa antena na redio, haiongezi upana wa redio hata kidogo. Kazi yake ni kuyashusha mawimbi kwa kiwango kilichowekwa kiwandani. Ikiwa inashusha kwa 20, kituo cha 103.1 utakikuta kwenye 83.1, lakini kituo cha 91.5 kingetakiwa kuangukia 71.5, mahali ambapo redio hiyo haifiki. Ukitafuta ekspanda inayoshusha kidogo zaidi utavipata vituo vya chini na kuvipoteza vya juu, kwa kuwa uwanja wetu una upana wa megahezi 20 na nusu na redio inayoishia 90 ina 14 tu. Hesabu hiyo haina fundi wa kuishinda.

Runinga iliyomo ndani ya redio hizo ndiyo imekufa kabisa. Japani hurusha matangazo ya dijitali kwa mfumo wa ISDB-T, nasi Kenya tulichagua DVB-T2, ambao ndio uliobaki peke yake hewani baada ya mitambo ya analojia kuzimwa mwaka 2015. Ramani nayo ni ya Japani, na kwa redio nyingi lugha haibadilishwi na mtu yeyote. Zaidi ya hapo, betri ikitolewa hata kwa muda mfupi wa kuoshwa vichwa vyake, baadhi ya redio hizi hujifunga na kudai namba ya siri au kadi ya kumbukumbu ambayo ilibaki kwa mwenye gari wa kwanza, huko Osaka au Nagoya. Kwa hiyo anayetaka redio ya kusikiliza taarifa ya habari na kuona kamera ya nyuma anaweza kuendelea na ile ya Kijapani bila kinyongo, ila anayetaka ramani afahamu kwamba hapo hapana ramani.

Ndugu yako aliye Marekani akikutumia redio mpya kama zawadi, shida ya FM huweza kujitokeza kwa sura nyingine. Redio za soko hilo huruka kwa hatua za megahezi 0.2, kutoka 98.3 hadi 98.5, na kituo cha 98.4 hubaki katikati kikikoroma. Hili lina dawa: redio nyingi za kampuni zinazojulikana zina sehemu ya kubadilisha hatua za FM ndani ya mipangilio yake, na kazi hiyo ni ya dakika moja. Ni vyema kuitafuta kabla ya kumlaumu aliyeileta.

Dhana: "GPS hula bando, na mtandao ukikatika inapotea"

Chipu ya GPS hupokea tu. Husikiliza saa zinazotangazwa na setilaiti zilizoko umbali wa takriban kilomita 20,200 juu yetu, ikapima tofauti za muda na kukokotoa mahali ilipo, kama redio inavyosikia kituo bila kukipigia simu. Hakuna bando linaloliwa hapo. Sisi wa pwani hii ndio tuliopaswa kuwa wa mwisho kulishuku jambo la setilaiti, maana jirani yetu Ngomeni ndiko kuliko kituo cha San Marco cha Waitaliano, na tarehe 12 Desemba 1970 ndiko ilikorushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei, ikapewa jina Uhuru kwa ajili ya siku hiyo.

Kinachokula bando ni picha ya ramani yenyewe, na hiyo inaweza kupakuliwa mapema. Google Maps inaruhusu kuhifadhi eneo zima kwenye simu. OsmAnd na Organic Maps zimejengwa kwa kazi hiyo hasa. Anayetoka Malindi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, ambako gari huachwa na safari ya kwenda Amu ikaendelea kwa boti, au anayeelekea lango la Sala kuingia Tsavo Mashariki, atapita mahali ambapo simu haina hata mstari mmoja wa mtandao, na alama ya gari lake itaendelea kutembea juu ya ramani iliyohifadhiwa bila kusita. Atakachokosa ni taarifa za msongamano, na kwenye njia hizo msongamano ni wa ng'ombe.

Wale wasemao "GPS ilinikosesha" kwa kawaida wamekoseshwa na ramani. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuuvuruga kwa makusudi mfumo huo kwa watumiaji wa kiraia, chombo cha kawaida kilicho chini ya anga wazi hukosea kwa mita chache tu. Ramani ndiyo isiyojua kwamba njia fulani ya Kisumu Ndogo imezibwa na ukuta mpya. Tena iko sababu ya pili, ambayo wauzaji hawaitaji: ramani zilizofungiwa ndani ya redio hutaka uandike jina la barabara na namba ya nyumba, na huku kwetu nyumba huelekezwa kwa msikiti, kwa mwembe, kwa duka la fulani. Mwenyeji wako atakutumia mahali alipo kwa WhatsApp, na ni simu iwezayo kufungua alama hiyo. Hii ndiyo sababu mimi sioni faida ya kulipia zaidi redio yenye ramani yake ndani. Redio za namna hiyo hujivunia kwamba huunganishwa na kipimo cha mwendo wa gari, ili ziendelee kujua zilipo hata ndani ya mahandaki. Ni kweli, lakini atakayenionyesha handaki la magari kati ya Kilifi na Garsen nitamnunulia yeye redio hiyo.

Ukichagua yenye antena yake ya GPS, simamia mwenyewe inapowekwa. Kile kipande kidogo cheusi chenye sumaku kinataka kuona anga: juu ya dashibodi pembeni, au chini ya plastiki yake tu. Mafundi wenye haraka hukitupa nyuma ya redio juu ya bati, kisha mteja anaambiwa setilaiti za leo ni mbovu.

Dhana: "Hii ni Android, inchi 10, ni bora kuliko hizo ndogo"

Neno Android peke yake halimwambii mnunuzi kitu. Kuna redio ambazo ni tableti nzima iliyowekwa kwenye dashibodi, zenye programu zake na kumbukumbu yake. Na kuna redio zinazokubali Android Auto au CarPlay, ambazo kazi ya ramani na muziki huiachia simu, nazo zikaonyesha picha na kupokea vidole. CarPlay ilianza 2014 na Android Auto 2015, na kwa zote mbili ramani husasishwa simu inaposasishwa. Tableti ya dashibodi yenye kumbukumbu ndogo, gigabaiti 1 au 2, huanza kusuasua programu zinapoongezeka ukubwa, na mara nyingi haipati sasisho lolote baada ya kununuliwa. Hata maandishi ya "toleo la Android" unayoonyeshwa kwenye mipangilio hubadilishwa na baadhi ya watengenezaji ili yasomeke mapya kuliko yalivyo, hivyo usiyachukue kuwa ushahidi. Iwashe dukani, uhesabu muda inaouchukua hadi kamera ya nyuma ionekane. Kama gari limekwisha kurudi nyuma mita tano ndipo picha inatokea, skrini hiyo haifai hata ikiwa na inchi 12.

Ukubwa wenyewe una masharti. Nafasi ya kawaida ya redio ndogo ni milimita 180 kwa 50, na ya redio kubwa, iitwayo DIN mbili, ni 180 kwa 100. Toyota nyingi zina nafasi ya 200 kwa 100, ndiyo maana redio ya 180 kwenye Probox au Fielder huacha mianya pande zote mbili isipowekewa fremu yake. Skrini za inchi 9 na 10 hutokeza mbele ya dashibodi, na kwenye baadhi ya magari huziba matundu ya kiyoyozi au swichi ya taa za dharura. Mchana wa Malindi una jambo jingine: jua hupiga kioo moja kwa moja, na skrini isiyo na mwanga wa kutosha hugeuka kioo cha kujitazamia. Hili halionekani ndani ya duka lenye kivuli. Omba itolewe nje, iwashwe barazani, uitazame kwa pembe ya dereva. Muulize muuzaji pia kuhusu joto, kwa sababu dashibodi ya gari lililofungwa juani hupita nyuzi 60, na vifaa vya bei ya chini sana hufifia rangi au gundi ya kioo chao hufumuka.

Dhana: "Wati 50 mara 4, hizo ni wati 200"

Geuza redio uitazame mgongoni. Utaona fyuzi, ya ampea 10 au 15. Gari likiwa linanguruma umeme wake ni kama volti 14.4, zidisha kwa 15 upate wati 216 zinazoingia, na sehemu yake kubwa huishia kuwa joto kwenye lile bati lenye mapezi. Kwa fyuzi ya 10 ni wati 144, pungufu ya hata zile 200 zilizoandikwa kwenye kasha. Kwa volti hizo na spika ya omu 4, kila mlango wa sauti hauwezi kuvuka wati 26 hivi za sauti safi hata kwenye karatasi, na kwa kawaida hutoa kati ya 15 na 22. Kwa hiyo namba ya 50 ni ya kilele cha kupasuka kwa sauti. Namba ya kutafuta ni ile iliyoandikwa RMS, yaani nguvu inayodumu, na bora zaidi iwe imepimwa kwa kanuni ya CTA-2006, inayotaka volti 14.4, omu 4 na mchafuko wa sauti usiozidi asilimia 1. Anayetaka mdundo wa matatu atanunua amplifaya ya kando, yenye uwezo wa kuupandisha umeme wa gari; kwa huyo, nguvu ya redio haina maana, na swali lake liwe la volti zinazotoka kwenye matundu ya RCA, yale ya kupeleka sauti kwenye amplifaya, 2 au 4 au 5.

Dhana: "Kufunga ni waya mbili tu, rangi kwa rangi"

Rangi za redio zinazouzwa madukani zinajulikana: waya wa njano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni wa swichi, mweusi ni wa ardhi. Zile za gari ni habari nyingine, maana kila kampuni ina rangi zake. Njano na mwekundu zikibadilishana, redio husahau vituo kila gari linapozimwa. Zikiunganishwa pamoja kwenye umeme wa kudumu, betri hulala. Magari mapya zaidi hupitisha amri za usukani na kamera kwenye mfumo wa kompyuta, nayo yanahitaji kijisanduku cha kutafsiri cha modeli hiyo hiyo, ambacho huuzwa kando. Waya wa kuzuia video gari likitembea, unaokwenda kwenye breki ya mkono, mafundi wengi huufunga kwenye bati ili mteja afurahi. Mwambie aufunge panapostahili.

Waya wa ardhi ndio ninaousisitizia zaidi kuliko zote. Upepo wa bahari una chumvi, na skrubu iliyokazwa juu ya rangi au kutu huleta mngurumo kwenye spika unaopanda na kushuka na injini, ambao wengi huuita ubovu wa redio na kuirudisha dukani. Bati likwanguliwe hadi ling'ae, likazwe, lipakwe grisi. Na soketi ya gari isikatwe: kebo yenye soketi ya kuingiliana nayo huuzwa kwa bei ndogo, redio ya zamani ikahifadhiwa nzima pamoja na vishikizo vyake, na siku gari litakapouzwa mnunuzi ataweza kurudishiwa ya kwake akiitaka.