"Shule ya bweni" hii si seminari: haki na elimu ya wenyeji wa asili katika shule za Kikatoliki za Ontario

Neno la kwanza linalotuangusha ni "shule ya bweni". Mwalimu wa Ontario akimweleza mzazi aliyetoka Bukavu au Tabora kwamba zamani Kanisa liliendesha shule za bweni za watoto wa wenyeji wa asili wa Kanada, mzazi anaona seminari: sare safi, ufaulu mzuri, mtoto aliyebahatika kupata nafasi. Anaitikia kwa kichwa, anafurahi, na mazungumzo yamekufa kabla hayajaanza.

Kwa hiyo mimi huandika "shule za bweni za kulazimishwa", na sentensi inayofuata haisubiri: tangu 1920 sheria iliwalazimisha watoto wa wenyeji wa asili wenye miaka 7 hadi 15 kwenda shule waliyopangiwa, lengo lilikuwa kuwavua lugha na mila za kwao, watoto zaidi ya 150,000 walipitia humo, na shule nyingi kati ya hizo ziliendeshwa na mashirika ya Kikatoliki. Msomaji wa Kenya aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama anakifahamu kipande kimoja cha habari hii. Kile cha mtoto kuchukuliwa kwao na asirudi tena, kibao hakikifikii.

Mkono huo wa Kanisa ndio unaofanya somo hili liwe zito zaidi katika shule ya Kikatoliki kuliko ya jirani. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule hizo, ilimaliza kazi mwaka 2015 ikiacha miito 94 ya kuchukua hatua. Wa 58 ulimtaka Papa aombe radhi katika ardhi ya Kanada, na Papa Fransisko akafanya hivyo Maskwacis, Alberta, tarehe 25 Julai 2022. Wa 62 unazihusu shule moja kwa moja: historia ya shule hizo, mikataba ya ardhi, na mchango wa wenyeji wa asili vifundishwe kuanzia chekechea hadi darasa la 12. Radhi ya Papa haimwondolei mwalimu mzigo huo wa pili.

Tena kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Shule za Kikatoliki za Ontario si za binafsi. Zinaendeshwa kwa kodi, chini ya ulinzi wa katiba ya 1867, na kati ya bodi za shule 72 za jimbo, 29 ni za Kikatoliki za Kiingereza na 8 za Kikatoliki za Kifaransa. Maana yake mzazi hadai fadhila za paroko anapouliza kuhusu usawa. Anauliza chombo cha umma kinachobanwa na sheria zilezile za haki za binadamu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kosa ninaloliona kuliko yote ni kuiweka elimu hii katika siku moja. Tarehe 30 Septemba, siku ya kuwakumbuka watoto wa shule hizo, kila mtu anavaa fulana ya rangi ya chungwa, picha zinapigwa, na tarehe 1 Oktoba somo limeisha. Fulana ina asili yake: mwaka 2013 Phyllis Webstad alisimulia jinsi fulana mpya aliyonunuliwa na bibi yake ilivyochukuliwa siku ya kwanza katika shule ya St. Joseph's Mission, British Columbia, ambayo ilikuwa ya Kikatoliki. Mtoto aliyeivaa bila kujua mwisho huo wa habari amevaa nguo tu.

Dawa ni kuipeleka elimu hii kwenye ratiba. Ontario ina kozi ya Kiingereza ya darasa la 11 inayosomesha maandishi ya waandishi wa Mataifa ya Kwanza, Wametis na Wainuit, makundi matatu ya wenyeji wa asili wa Kanada; msimbo wake ni NBE3. Bodi kadhaa zimeifanya ndiyo Kiingereza cha darasa la 11 kwa wote, badala ya ENG3, kozi ya kawaida. Kila inapoanzishwa wazazi wanaogopa kwamba mtoto atakosa njia ya chuo kikuu. Hakosi. NBE3U, ngazi yake ya kuelekea chuo kikuu, inahesabiwa kama Kiingereza cha lazima, na inafungua mlango wa ENG4U, Kiingereza cha darasa la 12 ambacho vyuo vinakitaka. Waambieni wazazi hilo mwezi Januari, kabla wanafunzi hawajachagua masomo. Mkingoja Septemba, uvumi utakuwa umeshawatangulia. Na mwalimu wa kozi hii apewe muda wa kusoma vitabu kwanza. Akikabidhiwa wiki moja kabla ya muhula, atarudi kwenye tamthilia alizozizoea.

Darasani kuna mtego mwingine: mwanafunzi mmoja mwenyeji wa asili kati ya 28, na mwalimu anamgeukia: "Tuambie, kwenu mnafanyaje?" Watoto wetu wanaujua mtego huu, maana nao huulizwa kuhusu "Afrika" nzima. Mtoto huyo ana miaka 15. Huenda amelelewa mjini, huenda bibi yake hakuwahi kuizungumzia shule ile. Mwenye maarifa ni mzee wa jamii, na mzee anaalikwa kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe hautamshangaza mtu wa kwetu, kwani mkono mtupu haulambwi. Kwa mataifa mengi ya Ontario, anayeomba huleta tumbaku, kiasi cha kujaza kiganja, imefungwa katika kitambaa kidogo, na anaitoa kabla ya kueleza ombi. Mzee akiipokea, amekubali. Wainuit hawana desturi hii, kwa hiyo ulizeni kwanza mgeni ni wa taifa gani. Ofisi ya elimu ya wenyeji wa asili katika bodi itawaambia. Tumbaku haichukui nafasi ya posho. Hapo ndipo shule hukwama: mzee anapewa fomu ya kujaza, kisha hundi inakuja baada ya wiki nane. Ombeni hundi wiki sita kabla, iwe ndani ya bahasha siku ya ziara, pamoja na usafiri na chakula, na nafasi ya msaidizi wake.

Kufukiza huleta ubishi. Mzee anawasha majani ya seji, mwerezi au nyasi tamu ndani ya kombe, moshi unapitishwa juu ya kichwa na kifua. Wapo wazazi wetu wanaouita uganga. Mimi huwakumbusha chetezo na ubani wa misa, si kwa kusema ni kitu kimoja, bali kuonyesha kwamba moshi katika sala si jambo geni kwao. Bado iwe hiari: mtoto asiyetaka akae pembeni, asidaiwe sababu. Na mtu azungumze na mhudumu wa jengo siku moja kabla. King'ora cha moto kikilia katikati ya sala, hakuna atakayekumbuka kingine.

Usawa wenyewe hupimwa kwa hesabu. Chukulia shule ya wanafunzi 800, ambapo 40 wamejitambulisha kuwa wenyeji wa asili, yaani asilimia 5. Waliosimamishwa masomo mwaka huo ni 60, na 9 kati yao ni wa kundi hilo, asilimia 15. Gawanya 15 kwa 5: wanasimamishwa mara tatu ya idadi yao. Hesabuni wanafunzi, si matukio, la sivyo mtoto mmoja aliyesimamishwa mara sita atapotosha picha. Kujitambulisha ni kwa hiari, na familia nyingi zina sababu ya kuogopa orodha ya serikali. Fomu ikichomekwa kati ya karatasi ishirini za uandikishaji, itarudi tupu. Iulizwe upya kila mwaka, na ielezwe nani ataiona.

Hesabu hiyohiyo fanyeni kwa watoto wanaosema Kiswahili. Anayetoka kambini akiwa amekosa miaka ya shule anahitaji ELD, programu ya waliokatizwa masomo, si ESL pekee, yaani Kiingereza kama lugha ya pili. Akiwekwa pasipomfaa, anachoka, anakorofisha, anasimamishwa. Kuhusu kusimamishwa, tangu 2020 mtoto wa chekechea hadi darasa la 3 hasimamishwi kwa makosa ambayo adhabu yake ni hiari ya mwalimu mkuu. Kwa wengine ni siku 1 hadi 20 za shule. Zikifika 6 au zaidi, bodi inapaswa kumpa programu ya masomo. Mzazi anaweza kukata rufaa kwa maandishi ndani ya siku 10 za shule tangu adhabu ianze, kwa afisa wa bodi anayetajwa katika barua ya kumsimamisha. Rufaa haisitishi adhabu, kwa hiyo siku hiyohiyo ombeni pia kazi za nyumbani.