Kusafisha bunduki ya wenzo nyumbani: dhana potofu na ukweli wake

Katika mashamba na miji midogo ya Marekani, bunduki ya wenzo hurithishwa kama shamba lenyewe: babu humwachia mwana, mwana humwachia mjukuu, na pamoja nayo hurithishwa maneno ya namna ya kuitunza. Mara nyingi bunduki hufika salama kuliko maneno. Nimeshika Winchester 94 zilizotumika kwa miongo mingi ambazo mitutu yake bado ni mizuri, na nimeshika nyingine zilizopigwa kidogo sana ambazo vichwa vya skrubu vimenyofoka, mdomo wa mtutu umelika na kitako kimelainika kwa mafuta. Kilichoziharibu hizo za pili ni usafi uliofanywa kwa bidii bila maarifa, na ndiyo sababu ninaandika.

Kwa asiyeifahamu bunduki hii, wenzo ni ule mpini wa chuma unaozunguka kifyatulio. Mpigaji huusukuma chini na kuurudisha, na kwa tendo hilo moja ganda tupu hutupwa nje, nyundo hukokiwa na risasi mpya huingia kwenye chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikisubiri kupigwa. Katika bunduki nyingi za aina hii, risasi hukaa zimepangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba lililolala chini ya mtutu.

Dhana: wenzo ukishushwa mara kadhaa na pasitoke kitu, bunduki ni tupu

Ninaiweka mbele kwa sababu makosa mengine mengi ya usafi hugharimu fedha, na hili hugharimu uhai. Ndani ya bomba la magazini mna springi ndefu inayosukuma risasi kuelekea nyuma. Springi ikichoka, au bomba likiwa na uchafu, kutu au mbonyeo, risasi ya mwisho inaweza kukwama humo, wenzo ukaenda na kurudi bila kuleta kitu, kisha mtikiso mdogo mezani ukaiachia. Vilevile risasi inaweza kuwa imekaa juu ya kipandishio, kile kipande kinachoiinua kutoka kwenye bomba hadi usawa wa chemba, ilhali chemba yenyewe ni tupu. Kwa hiyo mdomo wa mtutu uelekezwe upande salama, kidole kiwe mbali na kifyatulio, wenzo uachwe wazi, na mtu aitazame chemba kwa macho na kuigusa kwa kidole, aangalie kipandishio, kisha aangalie mwisho wa bomba hadi akione kisukumio cha magazini chenyewe, kile kipande kinachokaa kati ya springi na risasi. Asipokiona kisukumio, asiendelee. Risasi zote zihamishiwe chumba kingine kabla ya chupa ya kwanza ya mafuta kufunguliwa.

Dhana: bunduki isiyofunguliwa yote haijasafishwa

Hapa jibu hutegemea bunduki iliyoko mezani, na wanaotoa shauri moja kwa bunduki zote huwapotosha watu. Marlin 336, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ilijengwa kwa namna inayomhurumia mwenye nyumba. Wenzo hushushwa kidogo, skrubu moja inayoushikilia hutolewa, wenzo huvutwa chini, na bolti, kile kipande cha chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, huteleza nje. Wakati huo kipande kidogo cha kutupia maganda, kilichoegemea ukuta wa kushoto wa ndani, huwa hakishikiliwi tena na kitu, nacho ni chepesi kuanguka na kupotea, basi kitolewe na kuwekwa kwenye sahani. Baada ya hapo njia yote ya mtutu iko wazi kutoka nyuma, na hakuna sababu ya kugusa skrubu nyingine. Wakati wa kurudisha, kipande hicho hutangulia mahali pake, bolti hufuata, na ncha ya wenzo huingizwa kwenye nafasi yake chini ya bolti kabla ya skrubu kukazwa. Kitu kikikataa kuingia, kuna kilichokaa vibaya. Nguvu haitakiwi hata kidogo.

Winchester 94 ni habari nyingine. John Moses Browning aliibuni kwa ustadi mkubwa, na zaidi ya milioni 7 zimetengenezwa, lakini hakuibuni ili ifunguliwe kila Jumapili. Ili kuitoa bolti ni lazima mtu apitie pini na skrubu kadhaa kwa utaratibu usiosamehe kosa, na wengi walioanza kwa furaha wamemaliza kwa kumpelekea fundi bunduki vipande ndani ya mfuko. Habari njema ni kwamba wenzo wa 94 unaposhushwa, sakafu nzima ya mitambo hushuka pamoja nao na tumbo la bunduki hubaki wazi. Kwa njia hiyo brashi ya meno, kitambaa na kijiti cha pamba hufika karibu kila mahali panapokusanya masizi. Kuifungua yote kuna maana ilipotumbukia majini, ilipojaa mchanga, au pale mafuta ya miaka mingi yalipoganda kama gundi na wenzo ukawa mzito. Na hata hapo, kwa maoni yangu, kazi hiyo ni ya fundi.

Kuhusu bisibisi, ile ya kawaida ya nyumbani ina ncha iliyochongwa kama kabari, nayo hushika sehemu ya juu tu ya mfereji wa skrubu. Ikikazwa huruka na kunyofoa kingo, na jeraha hilo hubaki juu ya chuma kwa maisha yote ya bunduki. Bisibisi za mafundi bunduki zina ncha zenye pande sambamba zinazojaza mfereji hadi chini, kwa upana na unene wa skrubu husika. Seti moja nzuri ni nafuu kuliko kuziharibu skrubu za asili za bunduki ya zamani.

Dhana: mtutu usafishwe mpaka ung'ae kama kioo

Usahihi wa bunduki hutegemea sana ukingo wa mdomo wa mtutu, mahali risasi inapoagana na chuma. Ukingo huo ukilika upande mmoja, gesi hutoka bila usawa na risasi huenda kombo. Bunduki ambazo bolti yake haitoki kwa urahisi, kama 94, husafishwa kupitia mdomo, na hapo ndipo ufito wa chuma wa vipande vipande, unaopinda na kukwaruza kila unapoingia, hufanya uharibifu wake polepole. Dawa ni kikingio kidogo cha shaba au plastiki kinachokaa mdomoni na kuuweka ufito katikati, au waya laini unaopitishwa kutoka chemba na kuvutwa kuelekea mbele. Vitambaa viwili vitatu vyenye kiyeyusho, brashi ya shaba mara chache, kisha vitambaa vikavu, vinatosha siku nyingi. Bunduki ndogo za .22 (namba hiyo ni upana wa tundu la mtutu kwa inchi), ambazo hupiga risasi laini zilizopakwa nta, huhitaji hata pungufu ya hapo.

Wapo wanaopitisha kitambaa chenye kiyeyusho cha amonia, wakakiona kimetoka na rangi ya kijani au samawati, wakaendelea kusugua saa nzima. Amonia huyeyusha shaba, na brashi yao yenyewe ni ya shaba: wanachokiona huenda ni brashi inayoyeyuka. Watumie brashi ya nailoni kwa kiyeyusho hicho, na wasikiache ndani ya mtutu usiku kucha.

Dhana: mafuta ya bunduki huondoa kila kitu

Dhana hii ina historia inayofika hadi pwani yetu. Mwezi Aprili 1909 Theodore Roosevelt, rais wa Marekani aliyekuwa ametoka tu madarakani, alishuka Mombasa akiwa na bunduki kadhaa, mojawapo ikiwa Winchester ya wenzo ya modeli ya 1895 yenye risasi za .405, ambayo aliipenda hasa kwa simba. Fataki za risasi za zama hizo, yaani vile vikombe vidogo vya kuwashia baruti, zilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu, na kila mlipuko uliacha ndani ya mtutu kloridi ya potasiamu, chumvi iliyo ndugu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na mahali penye hewa kama ya Mombasa haihitaji siku nyingi kuanza kula chuma. Mafuta hayaiyeyushi, huifunika tu, na kutu huanza chini yake. Kinachoiyeyusha ni maji. Ndiyo maana wenye bunduki wa wakati ule walimimina maji ya moto mtutuni, wakakausha vizuri, kisha ndipo wakapaka mafuta.

Fataki zisizo na chumvi hiyo zilianza kuenea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na risasi mpya za dukani leo hazina shida hiyo. Hata hivyo, anayepiga risasi za zamani za kijeshi, au baruti nyeusi katika bunduki za mtindo wa karne ya 19, bado anahitaji maji kwanza, tena ya sabuni kwa baruti nyeusi, na siku hiyohiyo.

Dhana: mafuta yakizidi hayadhuru

Yanadhuru sana, na huanzia pasipoonekana. Bunduki ikisimamishwa kabatini na mafuta mengi ndani, mafuta hushuka hadi pale chuma kinapokutana na kitako, yakanywewa na mbao, na baada ya miaka mbao huwa nyeusi, laini, na hupasuka. Mafuta mazito yakiingia kwenye njia ya pini ya kupigia fataki, huganda siku ya baridi kali na pini hupiga kwa udhaifu. Tone moja kwenye kila sehemu inayosuguana linatosha, na mtutu upitishwe kitambaa kikavu kabla ya kupigwa. WD-40 nayo, iliyobuniwa San Diego mwaka 1953, ni hodari wa kufukuza maji kwenye chuma kilicholowa, lakini isichukuliwe kuwa ndiyo mafuta ya kudumu ya bunduki.

Bunduki isihifadhiwe kwa muda mrefu ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu. Kutu nyepesi isuguliwe kwa sufu ya chuma iliyo laini kuliko zote pamoja na mafuta. Msasa huondoa kutu na rangi ya kinga kwa pamoja, na hushusha thamani ya bunduki ya kale mara moja.

Dhana: meza ya jikoni inafaa

Masizi yanayotoka mtutuni yana madini ya risasi, na kwa watoto hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kazi ifanyike kwenye karakana au barazani penye hewa, juu ya karatasi inayotupwa, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na nguo zifuliwe peke yake. Anayemalizia kitako kwa mafuta ya kitani asikunje tambara lake na kulitupa pipani, kwa sababu mafuta hayo hutoa joto yanapokauka na tambara lililokunjwa linaweza kuwaka lenyewe saa chache baadaye, watu wakiwa wamelala. Litandazwe nje likauke, au litumbukizwe ndani ya kopo la chuma lenye maji.