"Hawa hawana kazi" na mengine tunayoambiwa bustanini

Jumamosi asubuhi tukiwa na majembe kwenye bustani yetu ya jamii ya Manyatta, hapa Kisumu, hakosekani mpita njia wa kusimama na kutufafanulia kazi yetu. Mengi wanayosema si kweli. Machache yana ukweli nusu, na hayo ndiyo yanayosumbua zaidi.

"Hawa hawana kazi." Kundi letu lina fundi cherehani, mwalimu mstaafu, kijana wa boda na mama muuza omena anayekuja alfajiri kabla ya kufungua kibanda. Asiyejua jioni atakula nini ndiye asiyeweza kutoa asubuhi yake bure. Na hapana, hakuna posho.

"Hiyo gugumaji mnayoleta itavamia mtaa." Hofu hii naielewa. Mmea huo ulitoka Amerika Kusini, na tangu miaka ya 1990 umekuwa ukifunika Ghuba ya Winam, kwenye Ziwa Victoria, mpaka mashua zinashindwa kutoka ufuoni. Anayeyajua hayo atashangaa kutuona tukiushusha kwa mkokoteni kando ya sukuma wiki. Lakini ni mmea wa majini. Ukiukatakata, ukauanika siku kadhaa, kisha ukaupanga tabaka kwa tabaka na samadi na majani makavu, unaoza na kuwa mboji. Mbegu zake hutaka tope na maji ndipo zichipue, na matuta yetu hayana dimbwi. Tatizo ni jingine: zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Unasukuma mkokoteni hadi mgongo unalia, halafu ukirudi baada ya wiki chache unakuta rundo la kujaza karai. Kuna pia hatari ambayo wapita njia hawaizungumzii kamwe. Mizizi yake hufyonza metali nzito, kwa hiyo hatuuchukui penye mitaro inayomwaga maji machafu ya mji ziwani.

"Kinyesi cha kuku kikiwa kibichi ndicho chenye nguvu." Nguvu za kuunguza miche, labda. Vilevile kina vijidudu vinavyoweza kuingia kwenye mboga. Kiache kioze kwanza.

"Mboga za kienyeji hujiotea tu." Dek, ambayo wengine huiita saga, ilitufundisha adabu. Msimu wa kwanza tulisia mbegu zilizotoka kuvunwa, tukangoja, tukamlaumu aliyetupatia. Bibi mmoja jirani alicheka sana. Mbegu mpya ya dek imelala. Ihifadhi mahali pakavu miezi kadhaa ndipo iote vizuri. Ikishaota, usipokata maua mapema, mmea unashughulika na mbegu na majani yanapungua.

"Bila ploti huwezi kulima." Gunia moja linatosha kuanzia. Kosa ni kulijaza udongo mtupu, kwani maji huishia juu na miche ya chini inakauka. Simamisha katikati mkebe usio na kitako, ujaze kokoto, shindilia udongo kando yake, uvute juu kidogo, ujaze tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayofikisha maji chini. Kisha toboa mashimo pembeni na upandikize miche.

"Ni ya jamii, kwa hiyo kila mtu achume." Hii ndiyo nusura ituvunje. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, kila mtu ni mkulima. Januari kukiwa kukavu, maji yanabebwa kwa mitungi na nyuso zinapungua. Siku ya kuchuma, nyuso zote zinarudi, nyingine na mifuko mikubwa. Sasa zamu za kumwagilia zimeandikwa kwa chaki kwenye ubao mlangoni. Ukikosa zamu mbili mfululizo, unangoja wenzako wachume kwanza. Mimi niliyependekeza sheria hiyo ndiye niliyekuwa wa kwanza kungojeshwa, na siku hiyo osuga, yaani mnavu, ilibaki mashina.