"Nasubiri Moyo Unitume"

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ngamiani alinijia na riwaya yake. Bado iko sura ya tatu. Ramadhani ya mwaka jana pia ilikuwa sura ya tatu. Nilipomuuliza sababu, akajibu: "Mwalimu, siandiki mpaka moyo unitume."

Nahariri miswada hapa Tanga, na hakuna kosa la sarufi linalonichosha kama sentensi hiyo. Moyo hautumi mtu aliyelifunga daftari. Unaandika sentensi mbovu, hiyo mbovu inakufungulia ya pili, ya pili inakuonyesha mhusika anataka nini. Ukikaa wiki tatu bila kugusa kazi, sauti za wahusika zinapotea, na siku ya kurudi unamaliza saa nzima ukitafuta ulipoishia. Halafu unasema huna ilhamu! Uzi umekatika, basi.

Mwenzetu Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 na akabaki serikalini kwa miongo kadhaa. Vitabu vyake, zaidi ya 20, vingi aliviandika akiwa mwajiriwa. Kwa hiyo wanaoniambia "sina muda" nao wamejibiwa.

Tena piga hesabu. Maneno 200 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 50: maneno 50,000. Hiyo ni riwaya. Mtunzi wa tenzi naye atunge ubeti mmoja tu kila siku, mishororo minne ya mizani nane nane; mwaka ukiisha ana beti 365.

"Lazima itoke safi mara ya kwanza." Hapana. Rasimu ya kwanza iache ichafuke, usifute kitu mpaka sura iishe. Kusafisha kuna siku yake.

"Nikipata kompyuta nitaanza." Daftari la mistari linatosha.

Ushauri ninaompa kila mtu ni huu: acha kazi ya leo katikati ya sentensi, hata kama unajua mwisho wake. Kesho utaanza kwa kuimalizia, na mkono utakuwa umeshapata moto.

Yule kijana tumekubaliana aandike baada ya swala ya alfajiri, kabla hajawasha simu. Ijumaa ataniletea daftari, kila siku na tarehe yake. Safari hii sisomi hata mstari. Nahesabu tarehe.