Kulanti si ya nchi za baridi tu

Kulanti ni kimiminika kinachochanganywa na maji ya rejeta ili kupoza injini. Unguja utasikia sana: "Kulanti ni ya Ulaya, kwenye barafu. Hapa tia maji tu." Mwenye Subaru Impreza ya turbo ya miaka ya tisini, rejeta ikivuja, hubeba dumu la maji kwenye buti na safari ya Nungwi inaendelea.

Kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, huchemka kwenye nyuzi 106 hivi badala ya 100, na mfuniko wa rejeta ukishika presha vizuri, kiwango hupanda zaidi. Injini ya turbo inahitaji nafasi hiyo. Tena ina dawa za kuzuia kutu, na silinda hedi (sehemu inayofunika silinda za injini) ya Subaru ni ya aluminiamu. Maji ya visima vyetu hupita kwenye mawe ya matumbawe, hubeba chokaa nyingi, na chokaa hiyo huganda ndani ya vijia vya rejeta. Mtu huona gari inachemsha, akalaumu feni!

Kila ukiongeza maji, dawa iliyobaki inazidi kuzimuliwa. Basi tafuta panapovuja. Injini ikiwa imepoa kabisa (mfuniko wa moto haufunguliwi), angalia mipira ya kupitisha maji, viungio vyake na pampu ya maji. Kulanti iliyokauka huacha alama ya rangi. Kama hakuna tone nje na maji yanapungua, huenda yanavujia ndani ya injini: mwambie fundi apime gasketi ya silinda hedi. Hapo dumu halisaidii kitu.