Je, wajua kwa nini waandishi walihitaji sebule ya Georgia Douglas Johnson?

Wengi huamini kwamba mwandishi hujifungia chumbani hadi kitabu kiishe, na kwamba mwanamke anayewakaribisha waandishi kwake ni wa kupika chai tu. Imani hiyo haimtendei haki Georgia Douglas Johnson wa Washington, Marekani. Miaka ya 1920 waandishi weusi walikusanyika kwake Jumamosi usiku: Langston Hughes, Zora Neale Hurston, Jean Toomer. Wala hakuwa tajiri aliyekosa la kufanya. Mumewe alifariki mwaka 1925 akamwachia wana wawili. Mchana alikuwa kazini serikalini, na bado aliandika mashairi na tamthilia. Tamthilia yake Plumes ilishinda shindano la jarida la Opportunity mwaka 1927. Aliyesoma kazi yake pale alisikilizwa na fundi mwenzake.

Sasa, sebule ilisaidiaje? Chukua mwalo wa Kirumba hapa Mwanza, yaani pale ufukweni dagaa wa visiwani wanaposhushwa na kuuzwa. Mwalo hauvui dagaa. Lakini mzigo ukifika pale hukutana na macho mengi: mchanga ukionekana, mwenye mzigo ataambiwa hapohapo, kabla gari halijapakiwa. Ataona pia mwenzake alivyokausha wa kwake, na atakutana na mnunuzi kutoka Kongo ambaye kisiwani asingempata. Shairi nalo, likisomwa kwa sauti mbele ya washairi, huonyesha mchanga wake. Mshororo unaokwama mdomoni haujifichi. Na wanunuzi walikuwapo: Alain Locke alikuwa mgeni wa nyumba hiyo, na katika mkusanyo aliouhariri mwaka 1925 wamo Hughes, Toomer, Hurston na Johnson mwenyewe.

Tusizidishe, hata hivyo. Hughes alikuwa ameshachapisha shairi lake maarufu la mito mwaka 1921. Sebule haikumpa kipaji, ilimpa wenzake.

Huku kwetu, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki. Kikwazo kikubwa kilikuwa lugha yenye wasomaji wachache. Lakini naamini kwamba mtu mmoja mwenye sebule, anayewajua wahariri na asiyechoka kuwaalika, angeipunguza miaka hiyo 35.